Wasomaji wanauliza: pikipiki ya spoti ya kwendea kazini Nairobi

Barua za toleo hili nyingi zimehusu pikipiki za spoti, zile zenye usukani wa chini na mwili uliofunikwa kwa maganda ya plastiki, na hasa kama zinaweza kutumiwa kila siku katika barabara za Nairobi. Tumechagua tano, na ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu ndiyo inayobeba maswali ya wengine wengi.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni kijana wa miaka 27, ninaishi Kasarani na kazi yangu iko Upper Hill, umbali wa kilomita 15 hivi. Nimechoka na matatu, na nimeweka akiba ya kununua pikipiki. Jamaa mmoja ananiuzia Yamaha R6 iliyotumika kwa bei inayokaribiana na ya pikipiki ndogo mpya. Wazee nyumbani wanasema ninunue Boxer, ile ya bodaboda, kama watu wengine. Mimi sitaki Boxer. Nataka pikipiki ya spoti, lakini iwe ya kunipeleka kazini kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Je, R6 itanifaa? Kama haitanifaa, ninunue ipi? — Msomaji, Kasarani

JIBU: Ndugu yetu wa Kasarani, kwa kazi hiyo usiinunue R6. Hatusemi hivyo kwa kuidharau. Ni pikipiki iliyoundwa kwa ustadi mkubwa, ila iliundwa ikilenga uwanja wa mashindano, na hapo ndipo tatizo lako linapoanzia. Injini yake ya cc 599 yenye silinda nne huanza kuvuta kwa nguvu zake zote inapozunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, na gia ya kwanza peke yake inaweza kukupitisha kilomita 100 kwa saa. Sheria ya trafiki inakuruhusu kilomita 50 kwa saa ndani ya jiji. Kwa hiyo kutoka Pangani hadi Upper Hill utakuwa ukitumia kipande kidogo cha gia ya kwanza na ya pili, huku ukiibana klachi na kuiachia bila kupumzika, na ile nguvu uliyoilipia hutaionja ila siku utakayoamua kuvunja sheria.

Wanunuzi wengi huuliza pikipiki ya spoti inakimbia kiasi gani. Mtu wa Nairobi anapaswa kuuliza ina tabia gani ikiwa chini ya kilomita 30 kwa saa. Chukua njia yako mwenyewe. Thika Road huenda ikakupa mwendo mzuri hadi Muthaiga, kisha unashuka Pangani, unaingia barabara ya Profesa Wangari Maathai ambayo wengi wetu bado tunaiita Forest Road, unafika Museum Hill, na kuanzia hapo hadi mzunguko wa Haile Selassie ni kupenya kati ya matatu na malori kwa mwendo wa mtu anayetembea akiwa amechelewa. Nairobi Expressway iliyofunguliwa mwaka 2022 inapita juu ya kichwa chako, lakini haikusaidii kitu, kwa kuwa pikipiki haziruhusiwi kuipanda. Ni katika kipande hicho cha Uhuru Highway ndipo utakapojua umenunua nini.

Tuanze na mikono. Katika R6 mishikio ya usukani imefungwa chini ya bamba la juu linaloshika springi za mbele, na vikanyagio vya miguu vimepandishwa juu na kusogezwa nyuma, ili mwendeshaji alale juu ya tangi. Ukiwa katika kasi, upepo unaokupiga kifuani hukuinua kidogo na kuipunguzia mikono mzigo. Katika foleni hakuna upepo huo, na uzito wa kiwiliwili chote unaangukia viganja vya mikono, mkono wa kushoto ukiwa na kazi ya ziada ya klachi. Vijana wenye nguvu huvumilia wiki kadhaa, kisha huanza kulalamika kwamba vidole vinakufa ganzi.

Halafu kuna kugeuka. Kabla ya kumpa mtu yeyote pesa, kalia pikipiki ikiwa imezimwa, shika mishikio yote miwili kama unavyoshika ukiendesha, na uzungushe usukani hadi mwisho upande wa kushoto, kisha upande wa kulia. Katika pikipiki nyingi za aina ya R6 utaona kwamba usukani unakoma mapema sana, na kwamba unapokoma, kidole gumba kinakaribia kubanwa kati ya mshikio na tangi. Pikipiki inayogeuka kidogo namna hiyo huwezi kuipenyeza kati ya matatu mbili zilizosimama mshazari. Utalazimika kuisukuma nyuma kwa miguu, mbele tena, nyuma tena, ilhali ina uzito wa takriban kilo 190, na dereva aliye nyuma yako hatakuwa na subira ya kutazama zoezi hilo. Bodaboda mwenye Boxer atakuwa ameshafika mzunguko unaofuata.

Joto nalo ni la kuzingatiwa. Injini ya silinda nne iliyofungiwa ndani ya maganda hutegemea hewa inayopita kwenye rejeta. Pikipiki ikisimama, hewa hiyo inakoma, feni inaanza kufanya kazi, na hewa ya moto inatupwa moja kwa moja kwenye mapaja na magoti yako. Hata katika baridi ya Julai utaisikia, na ukiwa umevaa suruali ya ofisini ya kitambaa chepesi utaisikia mapema zaidi.

Gharama zake hazihitaji maelezo marefu. Kwenda na kurudi ni kilomita 30, na mwezi wenye siku 22 za kazi ni kilomita 660. Pikipiki ndogo ya spoti ya cc 155 inayokwenda kilomita 40 kwa lita itakunywa lita 16 au 17 kwa mwezi. Ya cc 400 inayokwenda kilomita 25 kwa lita itakunywa lita 26 hivi. Na R6, ambayo katika foleni hutarajii izidi sana kilomita 15 kwa lita, itadai zaidi ya lita 40. Zidisha mwenyewe kwa bei ya petroli ambayo EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, hutangaza kila tarehe 14. Ongeza na tairi la nyuma la upana wa milimita 180, ambalo kwa safari zilizonyooka kama zako litaliwa katikati na kubaki kama jipya pembeni, na ambalo hutalipata kwa muuza tairi wa mtaani.

Hapa tuseme neno kwa niaba ya wazee wako, maana hawakukosea kama unavyodhani. Tairi ya Boxer, cheni yake, breki zake na kebo yake ya klachi vinapatikana karibu kila kibanda cha kuziba pancha, na fundi yeyote anaifungua akiwa amefumba macho. Mtu anayekwenda kazini kila siku anahitaji pikipiki itakayorudi barabarani jioni ileile ilipoharibikia. Wewe hutaki Boxer, na ni haki yako kupenda kitu kizuri, lakini chukua kipimo chao uende nacho dukani. Kabla hujalipa, piga simu kwa wauza spea wawili au watatu wa Kirinyaga Road, uwaulize kama wana breki za mbele, kichujio cha oili na mkono wa klachi wa pikipiki unayoitaka, na kama hawana, vinachukua muda gani kufika. Majibu yao yatakufundisha kuliko karatasi za matangazo.

Sasa tuje kwenye uchaguzi wenyewe. Kama hii ni pikipiki yako ya kwanza, na kwa jinsi ulivyoandika tunaona ndivyo ilivyo, Yamaha R15 ni mahali pazuri pa kuanzia. Ina injini ya cc 155 inayopozwa kwa maji, gia sita, na uzito wa kilo 140 na kidogo, na kwa sura haitofautiani sana na ile unayoiota. Upungufu wake ni kwamba matoleo ya karibuni yameshusha usukani kuliko yale ya mwanzo, kwa hiyo mikono haisameheki kabisa. Pia kumbuka kwamba Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini, hupoteza hapa takriban asilimia 15 ya nguvu zake. Kwa pikipiki yenye nguvu farasi 18, upungufu huo unaonekana unapopanda mlima ukiwa na abiria. Kwa sababu hiyohiyo ya mwinuko, chagua injini inayopuliza mafuta kwa kompyuta badala ya kabureta, kwani hujirekebisha yenyewe na haimezi petroli nyingi kuliko hewa iliyopo.

Ukiweza kuongeza pesa, pikipiki ambayo sisi tungeichagua ni Kawasaki Ninja 400, iliyotoka mwaka 2018. Ina silinda mbili, cc 399, uzito wa takriban kilo 168, na nguvu za kutosha kukutoa mbele ya basi la Thika Road bila kukuvuta mabega. Jambo linalotupendeza zaidi ni kwamba mishikio yake imepandishwa juu ya bamba la springi, kwa hiyo mgongo unainama kidogo tu, na mkono wa klachi ni mwepesi. Yamaha R3 ya cc 321 ni mshindani wake wa haki, ila ukiipata ya kuanzia mwaka 2019 ujue kwamba usukani wake ulishushwa milimita 22 ili ufanane na ndugu zake wakubwa. Ile ya miaka ya nyuma kidogo ni rafiki zaidi kwa mtu wa foleni. KTM RC 390 ni kali na ya kusisimua, lakini kwa kwenda kazini tungeiacha, maana inamkunja mwendeshaji kupita kiasi. Kwa upande wa spea, Bajaj Pulsar RS200 ina faida ya kutoka katika kampuni ambayo mafundi wa hapa wameizoea.

Kuna njia nyingine ambayo vijana huiruka kwa sababu ya sura. Karibu kila pikipiki ndogo ya spoti ina ndugu yake aliyeundwa kwa injini ileile bila maganda ya mbele na kwa usukani ulioinuka: R3 ina MT-03, R15 ina MT-15, Ninja 400 ina Z400, RC 390 ina Duke 390 ya kabla ya mwaka 2024, na Pulsar RS200 ina NS200. Nguvu zinakaribiana, wakati mwingine ni zilezile, lakini unakaa wima, unaona juu ya paa la gari dogo lililo mbele yako, usukani unageuka zaidi, na siku pikipiki itakapoanguka ikiwa imesimama, jambo linalowapata wote, hutakuwa na ganda lililopasuka la kuagiza kutoka ng'ambo. Kama pikipiki ni ya kazini siku tano na ya kujifurahisha Jumapili moja, sisi tungechukua ndugu huyo.

Yoyote utakayoichukua, tafuta yenye breki za ABS, ambazo huzuia gurudumu lisijifunge unapokamata breki ghafla. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huinua oili na dizeli vilivyomwagika lamini miezi mingi, hasa kwenye vituo vya matatu na kwenye mizunguko, na kwa dakika za mwanzo barabara huwa na utelezi kuliko itakavyokuwa mvua ikishakolea. Mwendeshaji mgeni akiona mtu ameruka mbele yake hubana breki ya mbele kwa nguvu zote. Hilo halizuiliki kwa ushauri wa gazeti.

SWALI: Mhariri, mimi ni mwanamke mfupi kiasi, ninatoka Ongata Rongai kwenda mjini kila siku kupitia Magadi Road na Lang'ata Road. Ninapenda pikipiki za spoti lakini kila ninayoikalia vidole tu ndivyo vinavyogusa chini. Fundi mmoja ameniambia ataishusha pikipiki kwa kubadilisha viungo vya nyuma. Nikubali? — Msomaji, Rongai

JIBU: Dada yetu, tunakushauri usikubali kwanza. Pikipiki za spoti tayari ziko karibu na ardhi. Ninja 400 ina nafasi ya milimita 140 hivi kati ya tumbo lake na barabara, na matuta yaliyoko kwenye njia yako, hasa yale yaliyojengwa na wananchi wenyewe kwenye barabara za kuingilia mitaani, hayakupimwa na mhandisi. Ukiishusha zaidi, bomba la moshi na ganda la chini vitakwaruza kila asubuhi. Isitoshe, kushusha nyuma bila kushusha mbele hubadilisha namna pikipiki inavyokata kona.

Linganisha kwanza urefu wa viti. Kiti cha R3 kiko milimita 780 kutoka ardhini na cha Ninja 400 milimita 785, wakati cha R15 kiko 815 na cha RC 390 kinapita 820. Tofauti ya sentimita tatu au nne inatosha kabisa kuleta unyayo chini. Upana wa kiti pale kinapokutana na tangi nao una uzito uleule, kwa sababu kiti kipana huitawanya miguu na kuifanya iwe mifupi. Ninja 400 ni nyembamba hapo, na ndiyo maana watu wafupi huipenda. Ikalie ukiwa umevaa viatu utakavyoendeshea, si viatu vya dukani.

Pia si lazima nyayo zote mbili zikae chini. Waendeshaji wengi wafupi husogea kidogo upande mmoja wa kiti wanaposimama, wakaweka unyayo mzima wa kushoto ardhini na kuuacha wa kulia kwenye breki ya nyuma. Jizoeze hivyo mahali tulivu kwanza, na uwe na tabia ya kutazama barabara inainamia upande gani kabla ya kusimama, maana pikipiki nyingi huanguka mguu unapotafuta ardhi ambayo haipo. Ukiona bado unataka kushuka kidogo, mtengeneza viti anaweza kupunguza sponji ya kiti, nayo, siku ukitaka kuuza, unairudisha.

SWALI: Nimepata tangazo la Ninja iliyotumika, bei ni nafuu na picha zinavutia. Muuzaji anasema haijawahi kuanguka. Nitajuaje? Na karatasi nizikague vipi? — Msomaji, Buruburu

JIBU: Mwambie muuzaji usiku kabla ya kwenda kwamba asiiwashe pikipiki kabla hujafika, na ukifika uiguse injini kwa mkono. Ikiwa imeshapashwa moto, huenda kuna tabu ya kuwaka asubuhi ambayo ameamua kukuficha. Kisha usianze na maganda, kwa sababu maganda hupakwa rangi upya kwa bei ndogo. Piga magoti mbele ya pikipiki na utazame pale shingo ya usukani inapoungana na fremu: kuna vijichuma viwili vinavyozuia usukani usizidi mwisho wake. Pikipiki ikianguka kwa kasi, usukani hugonga vijichuma hivyo kwa nguvu, navyo hubonyea au kukatika. Watu wachache hukumbuka kuvirekebisha. Tazama pia ncha za mkono wa klachi na wa breki, ncha za mishikio, na ncha za vikanyagio, kwa kuwa ndizo zinazogusa lami kwanza. Ukiona mkono mmoja wa klachi ni mpya kabisa na wa breki ni mkuukuu, uliza sababu.

Ukiinuka, futa kwa kidole mirija inayong'aa ya springi za mbele. Ikiacha oili, mipira ya kuzuia oili imekufa, jambo la kawaida kwa pikipiki iliyopigwa na matuta yetu. Vuta cheni nyuma ya gurudumu: ikiachana na meno ya sproketi, au meno yenyewe yakiwa yamechongoka kama ndoana, utanunua seti nzima. Kwenye ubavu wa tairi tafuta tarakimu nne zilizofungiwa ndani ya umbo la duaradufu. Ukiona 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, na hata kama bado lina meno, mpira wake umekuwa mgumu na hautaishika lami iliyolowa.

Karatasi ndizo zinazowaumiza wengi. Nambari ya fremu imechongwa kwenye shingo ya usukani. Isome wewe mwenyewe kwa tochi, herufi kwa herufi, ulinganishe na cheti cha umiliki, kisha ufanye vivyo hivyo kwa nambari ya injini na ukubwa wa cc. Pikipiki ya cc 400 yenye cheti cha cc 150 si bahati yako, ni kesi yako. Uhamisho wa umiliki hufanywa kupitia huduma za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali: muuzaji ndiye anayeuanzisha, nawe unaukubali. Kama anayekuuzia si mwenye jina lililo kwenye cheti, mwambie amlete mwenye jina. Usilipe pesa zote kwa ahadi kwamba uhamisho utafanywa wiki ijayo.

Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima kisheria. Ile kubwa inayofidia pikipiki yenyewe uiulizie kabla ya kununua, wala si baada, kwa sababu masharti ya pikipiki za spoti hutofautiana mno baina ya kampuni moja na nyingine. Na ukishainunua, usiutegemee usukani uliofungwa peke yake. Pitisha mnyororo mzito kwenye ringi ya nyuma na uufunge kwenye nguzo au chuma kilichojengewa, hata kama kuna askari mlangoni.

SWALI: Mwanangu ana miaka 22 na anataka kununua pikipiki ya spoti kwa mshahara wake wa kwanza. Mimi ninaogopa sana. Nimkataze? — Mama, Donholm

JIBU: Mama, hofu yako ni ya haki na hatutakuambia uiondoe. Lakini kijana wa miaka 22 mwenye mshahara wake ukimkataza kabisa, atapanda ya rafiki yake bila wewe kujua, na huenda bila helmeti. Ni afadhali uzungumze naye juu ya masharti.

La kwanza liwe leseni. Pikipiki ya binafsi ya zaidi ya cc 50 huendeshwa kwa leseni ya daraja A2, na asikubali kuipata kwa njia ya mkato, kwa sababu mafunzo yenyewe ndiyo unayoyataka wewe. La pili ni ukubwa: mwaka wa kwanza awe na cc 150 au 200, na hata sisi tuliomsifia msomaji wa Kasarani Ninja 400 tungependa kijana huyu aianzie chini yake. La tatu ndilo kubwa zaidi. Mwambie kwamba bei ya pikipiki si bei yake yote, na kwamba atenge mapema pesa za mavazi, kabla hajaanza kuhesabu pesa za rangi na taa za mapambo.

Sheria ya Kenya inamtaka mwendeshaji avae helmeti na koti lenye vitambaa vya kuakisi mwanga, na imemruhusu abiria mmoja tu. Hicho ni kiwango cha chini. Helmeti iwe ya kufunika uso mzima, yenye lebo ya ECE, alama ya kiwango cha kimataifa cha usalama, iliyoshonwa kwenye mkanda wa kidevuni. Lebo hiyo ina herufi E ndani ya duara na nambari ndefu chini yake, na nambari inayoanza kwa 06 inaonyesha kiwango kipya zaidi kuliko ile inayoanza kwa 05. Ikimcheza kichwani akitikisa, ni kubwa mno. Kioo chake kiwe cheupe, kwa kuwa vijana hupenda kioo cheusi na kisha hurudi nyumbani nacho saa moja usiku. Aongeze glavu zenye kiganja cha ngozi, koti lenye kinga za mabega na viwiko, na viatu vinavyofunika kifundo cha mguu. Mtu akianguka hutanguliza mikono; daktari yeyote wa mifupa atakuambia hivyo.

Kisha Jumapili asubuhi, mahali penye lami tupu na ruhusa ya mwenyewe, amwombe mwendeshaji mzoefu amfundishe kusimama ghafla kutoka kilomita 40 kwa saa, akiibana breki ya mbele taratibu na kuiongeza, hadi mikono iizoee. Nenda ukatazame, Mama.

SWALI: Nina pikipiki ya spoti ya cc 600. Katika foleni ya Mombasa Road taa ya joto inawaka kila jioni. Fundi ametoa thamostati na kuniambia niweke maji ya bomba, lakini bado inachemka. Nifanye nini? — Msomaji, Syokimau

JIBU: Fundi wako amefuata desturi ya gereji nyingi za hapa, na desturi hiyo haifai. Thamostati haiongezi joto. Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto linalofaa na kisha kufungua njia ya maji. Ikiondolewa, injini hufanya kazi ikiwa baridi mno asubuhi kwenye barabara iliyo wazi, mafuta huliwa zaidi, na jioni katika foleni hakuna lililotatuliwa, kwa kuwa shida yako inaanza pikipiki inaposimama, jambo linaloelekeza kwenye feni au kwenye rejeta.

Wacha pikipiki iungurume ikiwa imesimama, uangalie kipimo cha joto. Katika pikipiki nyingi feni huanza kuzunguka joto linapopita kidogo nyuzi 100. Ikiwa haizunguki kabisa, kagua fyuzi yake kwanza, kisha relei, kisha sensa, kisha mota yenyewe, kwa mpangilio huo, kwa kuwa fyuzi ndiyo rahisi kuliko vyote. Ikiwa inazunguka na bado inachemka, toa ganda la mbele utazame mapezi ya rejeta: vumbi la Syokimau likichanganyika na tope na wadudu huziba nusu yake. Yaoshe kwa maji ya mkondo mdogo kutoka nyuma kwenda mbele. Mashine ya presha ya kuoshea magari itayapinda. Mfuniko wa rejeta nao huzeeka, ukashindwa kushikilia presha, na maji yakachemka mapema kuliko yanavyopaswa. Usiufungue injini ikiwa ya moto.

Maji ya bomba yamwage yote, usafishe mfumo, na uweke kulanti inayoruhusiwa kwa injini za alumini, kwani maji ya bomba huacha chumvi na kutu ndani ya pampu. Kisha mwambie fundi arudishe thamostati mbele yako, na kama ameitupa, anunue nyingine.